Nani Amlipe Mlinzi wa Chemchemi?

Ukifika Kariakoo utajifunza upesi kwamba kila kitu kina bei. Nyanya zina bei. Mfuko wa kubebea nyanya una bei. Anayekubebea mfuko naye ana bei yake, na hapunguzi. Hata mahali pa kuweka tenga lako pana ushuru. Mimi nimeuza ndizi hapa Kariakoo kwa zaidi ya miaka ishirini. Katika muda huo sijaona kitu kinachotolewa bure, isipokuwa vumbi.

Hata hivyo, kipo kitu kimoja ambacho bei yake haijakamilika. Kitu hicho ni maji.

Utaniambia kwamba maji yanauzwa. Ni kweli. Wako vijana wanaouza maji ya chupa katikati ya magari. Wako wanaosukuma mikokoteni yenye madumu. Wenye bomba nyumbani huletewa ankara kila mwezi. Lakini hebu tuichambue bei hiyo, kama tunavyochambua mchele. Mwenye mkokoteni analipwa kwa jasho la kusukuma. Mwenye chupa analipwa kwa ajili ya chupa, kiwanda na usafiri. Mamlaka ya maji, yaani DAWASA, inalipwa kwa ajili ya mabomba, pampu, umeme, dawa na mishahara. Wote hao wamefanya kazi, nao wanastahili malipo.

Sasa nauliza: aliyeyatunza maji kabla hayajaingia bombani, analipwa nini?

Maji yanatoka wapi?

Maji mengi ya Dar es Salaam yanatoka Mto Ruvu. Kwenye mto huo kuna mitambo miwili mikubwa. Mmoja ni wa Ruvu Juu, uko Mlandizi. Wa pili ni wa Ruvu Chini, uko Bagamoyo. Mtambo wa Ruvu Juu unaweza kutoa lita milioni 196 kwa siku. Ule wa Ruvu Chini unaweza kutoa lita milioni 270. Ukijumlisha utapata lita milioni 466 kwa siku.

Lakini mitambo haizai maji. Inayachota tu. Mto wenyewe unatoka katika Milima ya Uluguru, Mkoa wa Morogoro. Mito midogo ya huko, kama Mfizigo, Mvuha na Mgeta, ndiyo inayoufanya Ruvu uwe mto.

Mimi ni mzaliwa wa Uluguru, upande wa Matombo. Kwa hiyo maji haya nayafahamu pande zote mbili. Nilipokuwa mtoto niliyachota kwa kata, bila kulipa. Sasa nayanunua kwa dumu.

Kazi ya mlima ni hii. Mvua inaponyesha juu ya msitu, majani huipokea kwanza. Tone haliupigi udongo kwa nguvu. Maji hudondoka polepole, yakaingia katika majani makavu na mizizi, yakazama ardhini. Huko chini yanawekwa akiba. Kiangazi kikifika, akiba hiyo hutoka kidogo kidogo kwenye chemchemi. Ndiyo maana mto una maji hata wakati ambao mvua hakuna.

Msitu ukifyekwa na mteremko ukilimwa bila kinga, mambo hugeuka. Mvua hupiga udongo mtupu. Maji hukimbia na kuuchukua udongo. Wakati wa masika mto huwa kama uji wa ulezi. Wakati wa kiangazi huwa kijito. Mtambo ukipokea maji ya tope, lazima utumie dawa nyingi zaidi kuyasafisha. Dawa hiyo inanunuliwa kwa fedha. Kwa hiyo kila jembe linalolima vibaya kule mlimani lina gharama yake huku pwani, na kila jembe linalolima vizuri lina faida yake. Gharama tunaiona kwenye maji. Faida hatuilipii.

Mwishoni mwa mwaka 2022 tuliona hapa mjini maana ya mto kupungua. Mvua zilichelewa. Ruvu ulishuka sana, na maji yakagawiwa kwa zamu. Mtaa mmoja ulipata leo, mwingine ukangoja. Wenzangu sokoni waliamka saa tisa usiku kupanga madumu. Mvua kuchelewa si kosa la mkulima, hilo nakubali. Lakini ni nani asiyejua kwamba wakati wa njaa mwenye ghala hushinda asiye na ghala? Msitu ni ghala la maji.

Bei tuliyoijua tumechelewa

Wataalamu wana neno la kupima thamani ya asili kwa fedha. Wengine hucheka wakisikia. Wanasema, “Utaupimaje mto kwa shilingi?” Ukweli ni kwamba tunapima kila siku, ila tunapima tukiwa tumechelewa.

Tazama bonde la Jangwani. Liko hapa hapa, ukishuka kutoka Kariakoo kwenda Magomeni. Ni bonde la Mto Msimbazi. Kazi ya bonde ni kupokea maji ya mvua, kuyatandaza, kuyapunguza mbio, kisha kuyaacha yaende baharini. Kazi hiyo haikuandikwa katika daftari la mtu yeyote. Kwa hiyo bonde likaonekana kuwa ni mahali patupu. Watu wakajenga. Taka zikamwagwa. Mchanga ukajaa. Desemba 2011 mafuriko yakaua watu wapatao 40 katika jiji hili, na serikali ikawahamishia watu wengi wa mabondeni Mabwepande. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi, pamoja na daraja jipya la Jangwani.

Basi, tunakopa fedha ili tusaidiwe kazi ambayo bonde lilikuwa likiifanya bila mshahara. Tungalijua hesabu hiyo mapema, pengine tungalilinda.

Matuta ya mwaka 1955

Nirudi kwetu Uluguru, kwa sababu huko kuna kisa ambacho viongozi wengi wamekisahau.

Serikali ya kikoloni ya Waingereza iliona kwamba udongo wa Uluguru unachukuliwa na mvua. Jambo hilo waliliona sawasawa. Wakaanzisha mpango wa kuwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi. Asiyechimba alitozwa faini. Mjomba wangu alikuwa kijana wakati huo. (Kwetu Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama. Kwa hiyo aliyenionesha mipaka ya shamba ni mjomba, siyo baba.) Alinieleza kwamba walichimba siku tatu kila wiki, bila kupewa hata senti tano. Tena matuta yale yaliharibu mashamba. Udongo mweusi wa juu ulifukiwa chini. Udongo mwekundu, usio na rutuba, ukabaki juu. Mahindi yakaota yakiwa ya njano.

Julai 1955 watu wa Matombo walikataa. Zikatokea ghasia, polisi wakapiga risasi, na mtu mmoja akafa. Baada ya hapo mpango ukavunjika.

Watu wengine walisema Waluguru ni wakaidi, hawataki maendeleo. Mimi nilimwuliza mjomba, naye alinijibu hivi: “Hatukukataa kutunza udongo. Udongo ni wetu. Tulikataa kuwa punda.”

Matuta yaliyolipiwa

Zaidi ya miaka 50 baadaye, matuta yalirudi Uluguru kwa njia nyingine. Kuanzia mwaka 2006, mashirika ya CARE na WWF yalifanya mradi huko Kibungo Juu, kwenye Mto Mfizigo. Safari hii hawakuja na polisi. Walikuja na hesabu. Walipima tope la mto. Wakawauliza wanaotumia maji huku chini: je, mko tayari kumlipa anayeyatunza huko juu?

Waliokubali walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa DAWASCO, shirika lililouza maji Dar es Salaam wakati huo. Wa pili alikuwa kiwanda cha soda cha Coca-Cola Kwanza. Mkulima wa Kibungo Juu aliyechimba matuta, au aliyepanda miti na majani ya kuzuia udongo, alipimiwa eneo lake na kulipwa kwa eneo hilo. Malipo hayakuwa makubwa. Lakini tofauti yake na mwaka 1955 ilikuwa kubwa sana. Mkulima aliitwa mezani. Aliingia kwa hiari yake. Na samadi aliyoitia shambani haikuteremka tena na mvua, kwa hiyo faida ilikuwa yake pia.

Mteremko ni ule ule. Jembe ni lile lile. Mara ya kwanza kulikuwa na risasi, mara ya pili kulikuwa na mkataba.

Hata hivyo sitasifu tu. Mradi ule uliisha baada ya miaka michache. DAWASCO yenyewe haipo tena. Mwaka 2018 iliunganishwa na DAWASA. Fedha za mradi zina tarehe ya mwisho. Mvua haina tarehe ya mwisho. Mteremko nao haukupata likizo. Matuta yanataka kutengenezwa kila mwaka, na mtu anayeyatengeneza anataka kula kila mwaka. Hapa ndipo ninapogombana na wataalamu wetu. Wanajua kuanza. Wanapiga picha siku ya kuanza. Siku ya kumaliza hawaonekani.

Je, mlima unauzwa?

Nina rafiki yangu hapa sokoni, mzee wa kuuza nazi. Nilipomweleza habari hizi alikasirika. Alisema, “Maji ni ya Mungu. Mkianza kulipana kwa ajili ya maji ya Mungu mtakufuru.” Nikamwambia, “Mzee wangu, hata samaki ni wa Mungu. Mbona mvuvi unamlipa?” Akanyamaza kidogo, kisha akasema jambo ambalo sikuweza kulijibu siku ile. Alisema, “Mvuvi nikimlipa, samaki nawala. Mkiupa mlima bei, nani ataula?”

Hofu yake ni ya kweli. Kitu kikiwekwa bei, mwenye fedha anaweza kukitaka. Ukitangaza kwamba mti huu una thamani ya shilingi laki moja, atatokea mtu mwenye laki mbili na msumeno. Atasema, “Nimelipa zaidi ya thamani yake. Nipisheni.”

Wazee wetu wa Uluguru walikuwa na njia yao. Watu walikwenda kuomba mvua kwenye pango la Kolelo. Karibu na chemchemi ya ukoo wetu hapakukatwa mti. Aliyekata alitozwa mbuzi. Lakini angalieni jambo hili: mbuzi yule hakuwa bei ya mti. Ungeleta mbuzi kumi asubuhi na kuomba kukata miti kumi, ungefukuzwa na mbuzi wako. Ilikuwa faini, haikuwa bei.

Mwaka 1997 wataalamu walioongozwa na Robert Costanza walikadiria faida zote za asili duniani kwa mwaka mmoja. Walipata kama dola trilioni 33. Trilioni moja ni bilioni elfu moja. Hesabu hiyo iliwashtua wakubwa wa dunia, na labda hilo ni jema. Lakini kwetu sokoni, bei isiyo na mnunuzi wala muuzaji si bei. Nani atainunua bahari? Akiinunua ataipeleka wapi?

Mimi naona tuiangalie kwa njia nyingine. Usiku maduka ya Kariakoo yanalindwa. Mlinzi halipwi bei ya duka. Halipwi bei ya vitenge vilivyomo ndani. Analipwa mshahara wa kukesha. Tajiri hawezi kusema, “Nimekulipa mwaka mzima, kwa hiyo koti lako ni langu.” Na mlinzi hawezi kusema, “Nimelinda mwaka mzima, kwa hiyo duka ni langu.” Kila mmoja anajua mpaka wake. Hivyo ndivyo tunavyotaka kwa chemchemi. Tusitafute bei ya mlima. Tutafute mshahara wa anayeulinda.

Jiji la New York, huko Marekani, lilifanya hivyo. Maji yake mengi yanatoka kwenye milima ya Catskill. Miaka ya 1990 jiji lilitakiwa kujenga mtambo wa kuchuja maji, wenye gharama ya mabilioni ya dola. Wakapiga hesabu. Wakaona ni nafuu zaidi kuelewana na watu wa milimani. Mwaka 1997 walitia sahihi mapatano. Jiji likatoa fedha za kuwasaidia wakulima kuzuia samadi na taka zisiingie mtoni, na kununua ardhi kwa wale waliokubali wenyewe kuuza. Hawakufanya hivyo kwa huruma. Walifanya kwa sababu penseli iliwaambia.

Wakija kijijini kwenu

Siku hizi wako watu wanaokwenda vijijini na habari za hewa ukaa. Wanasema miti yenu inavuta hewa chafu, na kwamba wako watu wa mbali watakaowalipa msipoikata. Habari hiyo si uongo. Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, vijiji vinane vinalinda msitu wa Ntakata na vimelipwa. Vimejenga madarasa na zahanati kwa fedha hizo.

Lakini ninyi mlio katika darasa la kisomo mna kazi maalumu siku hiyo. Zamani mzee aliwekewa karatasi akabonyeza dole gumba. Ninyi mnasoma. Basi ombeni mkataba uletwe kwa Kiswahili, usomwe kwa sauti katika mkutano mkuu wa kijiji, ukurasa kwa ukurasa, hata kama jua litazama. Tazameni ni wa miaka mingapi. Mtoto anayenyonya leo atakuwa na umri gani utakapoisha? Tazameni kijiji kinapata shilingi ngapi katika kila shilingi mia, na anayebaki na nyingine ni nani. Ulizeni kama mama ataruhusiwa kuokota kuni kavu, na kama warina asali wataendelea na mizinga yao. Ulizeni moto ukiunguza msitu itakuwaje. Akiona mnamchelewesha, mwambieni mwenye haraka aende, atarudi.

Hesabu ya senti ishirini

Sasa nirudi kwenye ankara ya maji ya Dar es Salaam. Chukueni penseli.

Maji ya bomba hupimwa kwa uniti. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Tuseme kila uniti iongezwe shilingi 10 kwa ajili ya walinzi wa chemchemi za Ruvu. Kwa ndoo moja, hiyo ni senti 20. Senti siku hizi hazionekani hata mfukoni mwa mtoto.

Mitambo miwili ikitoa lita milioni 466 kwa siku, hizo ni uniti 466,000. Zidisha kwa shilingi 10. Utapata shilingi 4,660,000 kwa siku. Zidisha kwa siku 365. Utapata shilingi 1,700,900,000 kwa mwaka. Lakini tusijidanganye. Mitambo haitoi maji kamili kila siku, na mengine hupotea njiani kwa mabomba yaliyotoboka na kwa wizi. Basi tukate nusu. Inabaki shilingi 850,450,000. Kama kaya 5,000 za mlimani zingegawana fedha hizo, kila kaya ingepata shilingi 170,090 kwa mwaka. Si utajiri. Ni mbegu, jembe jipya na sare ya mtoto. Lakini zingekuja kila mwaka, bila kumngoja mfadhili.

Wako watakaosema kwamba ada ipo tayari. Ni kweli, sheria ya maji ya mwaka 2009 inataka wenye vibali vya kutumia maji walipe ada kwa bodi ya bonde. Bodi ya Wami na Ruvu ina kazi zake, nazo ni muhimu. Lakini ada inayolipwa ofisini si sawa na mshahara unaofika mkononi mwa mtu mwenye jembe. Nimelima mteremko ule. Kuchimba tuta moja la ngazi ni kazi ya mgongo, na mgongo haulipwi kwa hotuba.

Juzi nilimpigia hesabu hii mama mmoja anayepika wali na maharage jirani na meza yangu. Anatumia madumu sita kwa siku. Nilimwuliza kama angekubali kuongezwa senti 20 kwa kila ndoo. Alicheka sana. Akasema ongezo hilo asingeliona hata akilitafuta kwa kurunzi. Kisha akaacha kuchota wali, akaniuliza: “Lakini nitajuaje kama zimefika huko kwenu?”

Nilimwambia kwamba kila ankara ingeweza kuchapwa jina la kijiji kilicholipwa mwezi ule. Mwezi huu Kibungo, mwezi ujao kijiji kingine. Akafikiri, akasema, “Wachape na namba ya simu ya mwenyekiti. Nitampigia.”

Sijui kama wenyeviti wetu wa vijiji wako tayari kupigiwa simu na mama wa Kariakoo. Mimi ningependa kuyasikia mazungumzo hayo.